Njia ya Kwenda kwa Mama

Mpanda,
14 Septemba 1998

Mdogo wangu Pudensiana,

Nakusalimu wewe, watoto, na shemeji Masele. Mguu wake unaendeleaje? Mwilini mimi ni mzima, mengine utayasoma. Tafadhali, barua hii isome mbele ya kaka yako Evodi, maana ni yake pia.

Evodi amewatangazia watu wa Kasansa kwamba “kompyuta imelila kaburi la mama.” Nakanusha. Kompyuta haili kitu. Haina njaa wala haina chuki na sisi Wapimbwe. Hufanya inachoamriwa, tena kwa utii ambao sijauona katika ofisi yoyote ya nchi hii. Anayetafuta mkosaji ndani ya bati anamficha aliyekaa mbele yake.

Unajua mama alifariki mwaka ule tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na siku ya tatu baada ya mazishi malori yakatuchukua kutoka kijiji cha zamani. Hatukuacha hata msalaba. Mwaka jana baba, alipoona siku zake zimekwisha, aliniita mimi mtoto wa kwanza akanieleza njia: hatua ngapi kutoka kisimani, kichuguu kipi kiwe mkono wa kushoto, ugeukie wapi. Niliandika kurasa nne kwenye daftari, kisha nikazipiga chapa kwenye kompyuta ya ofisi. Evodi akasema daftari litunzwe. Nikamjibu kwamba karatasi ni chakula cha mchwa, na ili nimshinde nikalichoma mbele yake. Mwezi uliofuata tukamzika baba.

Juni hii kompyuta ikagoma. Ukiiwasha, inaishia kwenye kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi. Tukamwita Issa, fundi redio wa pale sokoni. Alisema yaliyoandikwa bado yamo ndani, ila mfumo unaoiamsha mashine umeharibika. Mfumo mpya unaweza kupakiwa kwa disketi, lakini kwanza tungoje aipeleke mashine Tabora kwa treni, kwa jamaa yake mwenye mashine nyingine, wayanakili yaliyomo. Nilimcheka. Nikamuuliza darasa la saba na disketi za Kiingereza wapi na wapi. Akanijibu kwa upole, “Mzee, umezoea kubishana na watu kwa barua zako za magazetini. Mashine hii haibishani, usije ukadhani umeishinda.”

Kesho yake asubuhi nikakaa mwenyewe na disketi zangu kumi na tatu. Kabla ya yote kioo kiliniuliza kama nakubali vyote vilivyomo vifutwe. Nilisoma, mdogo wangu, na nilielewa kila neno. Nikajiambia hivyo ni vitisho kwa waoga, nikakubali. Adhuhuri mashine iliamka, safi kama siku ilipotolewa kwenye boksi. Josephina, karani wetu, akapiga makofi. Nikatafuta kurasa za baba mpaka ofisi ikafungwa. Hazikuwepo.

Haya niliwaficha. Na nililofanya baadaye ni baya zaidi. Mkubwa wa ofisi aliponiuliza kumbukumbu zimekwenda wapi, nilisema Issa ndiye aliyezifuta alipoigusa mashine jana yake. Wakamfukuza asikanyage tena ofisini. Maneno yakaenea sokoni, wateja wakamkimbia, akafunga kibanda. Sasa yuko Ugalla anamsaidia mjomba wake kurina asali. Alipokuja kuaga hakunitukana. Alinisalimia shikamoo.

Mwezi uliopita nilikwenda kijiji cha zamani peke yangu. Kisima nilikiona. Vichuguu viko vingi, na moto ulikuwa umepita kote. Nilihesabu hatua nilizodhani nazikumbuka, nikarudi kisimani, nikahesabu tena, kila mara nikafika mahali pengine. Mwishowe niliketi kwenye majivu nikalia, mimi ambaye kwenye msiba wa baba niliwakemea nyie msilie kwa sauti.

Leo nimeiandikia ofisi ukweli wote na jina langu chini yake. Kesho napanda lori la Ugalla kwa Issa; sijui atanipokeaje.

Nisalimieni shangazi na majirani wote wanaoniulizia. Evodi, Pudensiana, nawaomba jambo moja. Bibi Kashinje na Mama Imakulata walimwosha mama na wakamsindikiza kaburini, na bado wanatembea. Wachukueni kwa baiskeli kabla ya mvua, muwaulize, muwaache waoneshe. Wakipaona mahali, simamisheni msalaba siku hiyo hiyo. Msinisubiri mimi.

Kaka yenu,
Ladislaus Lyamba