Misa ya Kuniombea Dispense

Jumapili, Nguba, mtaani kwetu Bukavu. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika tulipokuwa tunatoka misa, na sasa jua la jioni limelala ziwani bila joto lolote. Leo nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kimekwisha, machozi bado.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani mpangilio hakuna.

Mimi ni mtu wa milima inayoteleza. Ndiyo kazi niliyosomea na ndiyo ninayofundisha chuoni: kujua mteremko upi utaporomoka na nyumba zipi zitakwenda nao. Bukavu kwa miteremko haina choyo. Kabla vita havijafika mjini nilikuwa nimepigilia vijiti kwenye kilima kizima, na kila baada ya mvua kubwa nilipanda kwenda kupima vimesogea kiasi gani. Sasa juu ya kilima kile wamekaa watu wa bunduki, na vijiti vyangu, naambiwa, wamevichemshia chai. Maabara yetu imebaki kuta. Nafundisha maporomoko kwa chaki, siku ambazo wanafunzi wamethubutu kuja.

Nina hamu ya kazi yangu. Nina hamu ya kurudi nyumbani na matope mpaka magotini na Maman akinifokea mlangoni.

Olivier, mhandisi ninayefundisha naye, ndiye aliyenionyesha njia. Kwa kawaida Amerika haikupokei kwa ujuzi wako mpaka mwajiri wa kule akuombe, na athibitishe kwamba amemkosa mtu wa kwao. Lakini ukiweza kuonyesha kwamba kazi yako ina faida kwa taifa lao zima, wanakusamehe sharti hilo, unajiombea mwenyewe. Kwa Kifaransa chetu cha huku tunaiita dispense. Basi miezi yote hii meza ya sebuleni imekuwa ya dispense. Olivier anakuja na nanasi la kwao, kisiwani Idjwi, chini ya kwapa, Maman anampa chai, tunaanza: dispense inataka hiki, dispense imekosa kile, mwanasheria amesema dispense ikipita.

Kule Amerika kuna milima nayo inaangukia nyumba za watu, na nimejaza kurasa nikieleza jinsi nitakavyoisaidia. Sijawahi kuuona hata mmoja. Huku ukuta wa jiko la Maman una ufa niliouwekea alama za penseli, na kila nikipita naupima kwa kidole. Neno taifa nimeliandika mara nyingi sana, na kila mara lilikuwa taifa la wengine.

Maman sikumwambia. Papa, baba yangu, alishatutoka, ndugu zangu wako Kinshasa na Bujumbura, na nyumba hii tumebaki wawili. Nilijisemea nitamwambia siku jibu likija. Anasikia kidogo, nilijisemea, na mambo ya makaratasi hayamhusu.

Leo, kabla misa haijaanza, msomaji akasimama kutangaza nia za misa, yaani nani anaombewa nini. Marehemu wa familia fulani. Amani katika mji wetu. Halafu: kwa nia ya Maman Véronique, anayemwombea binti yake Nabintu apate dispense.

Nilidhani sikusikia vizuri.

Lakini kwaya nzima iligeuka kunitazama, na wote walikuwa wanatabasamu.

Kwa msomaji asiye wa parokia zetu, nieleze. Huku dispense ni kitu cha Askofu. Ukitaka kufunga ndoa kanisani na mtu asiye Mkatoliki, unaiomba kwake. Binamu yangu aliipata alipoolewa na Mpentekoste, na mtaa mzima ulijua kabla yake. Hakuna mwanamke wa parokia atakayesikia neno hilo akafikiria Amerika. Atafikiria wali wa harusi.

Nao waliufikiria. Mlangoni walinizingira na miavuli yao. "Nabintu, félicitations! Sasa wali tunakula siku gani?" Mwingine akanivuta mkono: "Na bwana iko wa kanisa gani?" Nilicheka kwa meno tu, nikamtafuta Maman. Alikuwa amesimama pembeni na kitenge chake cha sikukuu, akipokea pongezi kama bibi harusi mwenyewe.

Tulipofika nyumbani alikaa jikoni kumenya nanasi. Nikamwuliza ni dispense gani aliyoniombea.

"Ile munazungumuzaka na Olivier kila siku. Munafikiri miye sina masikio?" Kisu kiliendelea kumenya. "Ule mwanaume anatuleteaka ananas. Mwanaume hawezi leta ananas kwa mama ya mutu bure. Ni Muprotestanti, eeh, lakini anaogopa Mungu. Nikajisemea, kama Mungu anataka tu Muprotestanti, miye ni nani?"

Nilicheka nikashika ukuta. Maman naye akacheka, bila kujua tunacheka nini, na kwa muda ule jiko letu lilikuwa jiko la watu wenye furaha.

Na niseme ukweli hapa ninapoweza kuusema.

Nilitamani Maman awe hajakosea.

Barua aliyoniandikia Olivier ya kunipendekeza kwa Wamerika ni nzuri kupita kiasi. Nimeisoma nikitafuta sentensi moja inayosita, sikuipata. Hajawahi kusema nibaki. Ananisahihishia nukta na mikato, anamaliza chai, anauliza ufa wa jikoni umefika wapi, anaaga. Mtu anayetaka usiondoke hawezi kukusifu hivyo kwa watu watakaokuchukua. Au labda ni yeye tu anayeweza. Sijui, na nimechoka kutojua.

Nikamwambia Maman yote. Kwamba dispense si ya Askofu, ni ya Wamerika. Kwamba haihusu ndoa. Kwamba wakiikubali nitaondoka.

Kisu kikasimama.

"Basi miye nilikuwa naomba nini?"

"Ulikuwa unaomba niende, Maman."

Alikiweka kisu kando ya nanasi. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza bei ya dagaa wa sambaza sokoni: "Na miye, iyo dispense inanibeba?"

"Hapana. Inabeba bwana na watoto tu."

"Na bwana hauna."

"Sina."

"Na watoto hauna."

"Sina, Maman."

"Njo inakubeba weye peke yako."

Alilifunika nanasi kwa sahani, akanawa mikono, akachukua mwavuli. Nia ileile alikuwa ameiombea na misa ya Jumapili ijayo, akasema, na Abbé, padri wetu, angali parokiani. "Naenda kuibadirisha mbele ya wakati."

Nilitaka kwenda naye, akanikatalia kwa mkono. Nikabaki dirishani nikimtazama anavyopanda, mwavuli ukiwa umefungwa, akiutumia kama fimbo kwenye matope. Juu pale kuna kizuizi cha wanajeshi. Walimsimamisha, wakamtazama, wakamwacha apite. Maman alikuwa anakwenda parokiani tu, mahali anapokwenda kila siku, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumkumbuka akiwa bado barabarani.

Nikajaribu kuwaza jiko hili bila mimi. Nani atapima ufa? Nani atamwambia siku ya kuhamia chumba cha mbele ukipanuka? Nikajaribu pia kuwaza kubaki: chaki, ubao, milio ya bunduki usiku, na kilima changu juu pale nisichoweza kukanyaga. Yote mawili yaliniuma sehemu ileile.

Alirudi jua likiwa limeshatoka. Alivua viatu mlangoni, akavigonga matope taratibu.

"Umeibadilisha?"

"Hapana." Akaketi. "Misa moja ilishasomwa. Mungu alishasikia. Nirudi nimuambie nini, eti sikujua Kifaransa? Nilimuambia Abbé aiache vile iko. Aongeze tu neno moja."

"Neno gani?"

"Arudi."

Akafunua sahani, akaendelea na nanasi pale alipokuwa ameachia. Tulilila lote. Lilikuwa tamu, na hilo nalo lilinikera.

Kwa hiyo Jumapili ijayo msomaji atasimama tena mbele ya parokia nzima na kusema: kwa nia ya Maman Véronique, anayemwombea binti yake Nabintu apate dispense, na arudi. Wanawake wa kwaya hawataelewa. Watadhani ndoa imevunjika kabla haijafungwa, na watanipikia uji wa kunifariji.

Dossier yangu, faili zima la maombi, imekamilika. Mwanasheria anasubiri niitume tu, na leo, ajabu, mtandao upo. Haitatumwa leo. Wala kesho.

Kesho nitakwenda chuoni nimwombe Olivier, Mprotestanti wa watu asiyejua tunasimama lini na tunapiga magoti lini, aje Jumapili akae kando yangu. Nitamwambia ni misa ya dispense, nisimwambie zaidi. Nataka asikie jina langu likisomwa kwa sauti. Nataka niwe namtazama usoni neno la Maman litakapofika.

Kisha nitatuma. Isipokuwa kama naye ana neno la kuongeza.