Futi Ndani ya Bahasha

6 Februari 1988

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri kwenye cherehani yako, na mgongo umekupa likizo. Mimi huku sijambo, ila mikono ndiyo inalalamika. Sabuni ya hoteli haina huruma, na siku hizi wageni ni wengi, shuka zinaletwa kwa toroli utadhani watu wanalala mara mbili kwa usiku mmoja.

Baba, nina jambo. Jeshi linaandikisha vijana, na safari hii wasichana pia. Tangazo limebandikwa posta. Wanaofanya vizuri wanafundishwa umakanika wa magari makubwa, miaka mitatu, bure. Unanijua mwanao. Mashine ya kukamulia nguo ikigoma hapa kazini, fundi anaitwa, na mpaka aje anakuta nimeshaifungua, nimeshaifunga, na inazunguka. Msimamizi ananisifu halafu ananirudisha kwenye beseni. Nina miaka minne sasa ya kusifiwa na kurudishwa kwenye beseni.

Mwenzangu wa chumbani, yule Mrefu niliyekuandikia habari zake, ameshajaza fomu. Yangu iko chini ya godoro. Naogopa, sikufichi. Jeshi si lelemama. Siku nyingine naamka nimeshaamua kwenda, nikifika kazini nimeshaamua kubaki. Na mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka, kwa hiyo ni sasa au basi.

Halafu kuna urefu. Wanataka usipungue sentimita mia na hamsini na nane. Unaandika mwenyewe kwenye fomu, na ukibainika umedanganya unafutwa moja kwa moja. Wewe ndiye uliyeniita Kizibo, kwa hiyo wasiwasi wangu unauelewa. Siku ile naondoka ulinisimamisha kwenye mlango wa duka ukachora alama juu ya kichwa changu. Naomba uipime uniandikie. Futi za kupimia zipo huku pia, lakini mimi siamini kipimo cha mtu mwingine, hata kama yule bwana harusi uliyemshonea suruali alishindwa kukaa siku ya harusi yake.

Na uniambie unaonaje. Ukisema nisiende, sitakwenda.

Mwanao,
Kizibo


21 Februari 1988

Mwanangu Kizibo,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nashukuru kusikia u mzima. Mikono ipake mafuta kabla ya kulala. Mgongo wangu unauma upande mmoja tu, upande wa pili unasubiri zamu.

Kazi zipo. Yule kijana wa muuza mkaa, mliyekuwa mkicheza naye, amerudi kutoka jeshini. Ameniletea suruali zake tatu nikate mguu wa kushoto na kuufunga juu ya goti. Ya tatu nimeimaliza jana. Aliketi hapa akinisubiri, akanisimulia vichekesho, nikacheka.

Kuhusu shauri lako, mimi sikukatazi wala sikusukumi. Wewe ni mtu mzima, uamuzi ni wako. Sitaki kesho isemwe kwamba nilikukalia njiani.

Ile alama ya mlangoni niliipaka rangi mwaka jana bila kufikiri. Lakini sikuachi hivi hivi. Humu ndani ya bahasha nimekuwekea futi yangu, ile ya njano niliyokuwa nikiivaa shingoni ulipokuwa mdogo. Jipime mwenyewe. Simama pekupeku, visigino viguse ukuta, mwenzako alaze kitabu juu ya kichwa chako na atie alama. Kisha pimeni kuanzia sakafuni. Futi inaishia mia na hamsini, kwa hiyo hapo wekeni alama nyingine muendelee. Kitabu kilale sawa, kisiinuke. Futi haina upendeleo, itakachosema ndicho hicho.

Baba yako,
Fundi


7 Machi 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili hauna neno.

Futi ilifika. Niliinusa kwanza, bado ina harufu ya dukani, chaki na mafuta ya cherehani. Tulipima mara tatu. Mara ya kwanza jioni. Mrefu akasema jioni mtu anakuwa amebanwa na uzito wa kutwa, tusubiri asubuhi. Asubuhi tukapima tena, mimi nimejinyoosha mpaka shingo inauma. Mara ya tatu tulimwita mama mwenye nyumba ashike kitabu, maana nilimtuhumu Mrefu kwamba ananikandamiza.

Mia na hamsini na sita na nusu, mara zote tatu. Nimepungua sentimita moja na nusu, baba. Unene wa kidole.

Mrefu alinishauri niandike mia na hamsini na nane, nikajaribu bahati yangu huko huko, huenda kipimo chao kikasema vingine. Nikamwambia baba yangu ameshona miaka thelathini, watu wanavaa nguo zake mpaka zinachakaa, futi yake ndiyo nitakayoisikiliza. Fomu nimewashia jiko. Nilipika uji kwa moto wake na uji wenyewe ukaungua.

Mrefu anaondoka mwezi wa tano. Mimi nimeambiwa nitahamishiwa kwenye pasi, eti ni kupanda cheo. Futi nitakurudishia nikipata mtu anayekuja huko.

Mwanao,
Kizibo


24 Machi 1988

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako na nimesikitika pamoja nawe. Usiumie sana. Lisilokuwa fungu lako halikufikii, na kazi ya pasi si mbaya, angalau mikono itapona.

Futi usirudishe. Ninayo nyingine.

Nimekushonea gauni la bluu, lenye mifuko kama unavyopenda. Nimempa dereva wa basi akuletee.

Baba yako,
Fundi


11 Agosti 1992

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima, na mume wangu anakusalimu.

Nina mimba ya miezi mitano. Nilitaka kukuandikia habari hii kwa namna nyingine, lakini limetokea jambo kliniki na siwezi kuliacha.

Siku ya kwanza wanakupima kila kitu, na urefu pia. Kuna ubao ukutani, unasimama, wanateremsha kipande cha mbao mpaka kinagusa kichwa. Muuguzi akaandika mia na hamsini na tisa na nusu. Nikamwambia amekosea. Akanipima tena, ikawa ile ile. Nikamwambia basi ubao wenu mbovu, baba yangu ni fundi, urefu wangu naujua. Alikuwa mama mtu mzima, mpole. Akaniambia, "Mwanangu, ubao huu nimepimia nusu ya mji huu."

Kesho yake nilirudi na futi yako mkobani. Nikamwomba aniruhusu niinyooshe pembeni ya ubao. Futi inaposoma mia na hamsini, ubao unasoma mia na hamsini na tatu, kasoro kidogo tu. Foleni nzima ya wajawazito ilikuwa inanitazama.

Sasa naelewa kwa nini mapazia yangu yote ni mafupi. Miaka minne napima dirisha kwa futi yako, naenda dukani nakatiwa kitambaa, nikirudi hakifiki chini. Niligombana na muuza vitambaa mbele za watu, nikamwita mwizi. Leo nimekwenda kumwomba radhi. Amenipokea vizuri, na hilo ndilo lililonitoa machozi.

Mrefu alimaliza miaka yake mitatu. Hakuwahi kupigana na mtu. Alikuwa chini ya malori kutwa nzima, na sasa ana gereji yake. Nilipita juzi nikamkuta na mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, anaimba.

Nakuuliza jambo moja tu. Ulijua?

Mwanao


25 Agosti 1992

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa mimba. Nakuombea ujifungue salama.

Nilijua.

Futi ya kitambaa ikivutwa miaka mingi inarefuka, na ikirefuka kila inachokipima kinaonekana kifupi. Yule bwana harusi nilimpima kwa futi hiyo nyumbani kwake, kisha nikakata kitambaa dukani kwa futi mpya. Ndiyo maana suruali ilimbana akasimama sherehe nzima. Nikamwambia amenenepa. Masikini wa Mungu, alikunywa chai bila sukari mwezi mzima. Mimi nikaitia ile futi kwenye droo na sikumwambia mtu.

Barua yako ilipofika, suruali ya kijana wa muuza mkaa ilikuwa kwenye cherehani, na mguu nilioukata ulikuwa mezani. Ulikuwa umeandika, "Ukisema nisiende, sitakwenda." Neno lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeshapewa ruhusa ya kulisema. Nikaogopa. Nikaona ukibaki kwa neno langu, utakuja kunilaumu siku zote. Nikataka ubaki bila kuwa na mtu wa kumlaumu. Nikafungua droo.

Mlango sijawahi kuupaka rangi. Alama yako ipo. Siku ile ile niliipima kwa futi mpya, ikasema mia na hamsini na tisa na nusu. Nilikaa nayo namba hiyo mdomoni na nikakuandikia mengine.

Uliposema uliinusa futi, nililia. Hapo ndipo ningekwambia, kulikuwa bado na siku za kujaza fomu nyingine. Sikusema. Sikuombi uniambie yameisha. Naomba tu usiache kuniandikia.

Baba yako


17 Januari 1993

Mwanangu,

Natumaini wewe na mumeo hamjambo. Shangazi yako ameniambia umejifungua mtoto wa kike. Namshukuru Mungu.

Ningependa kumshonea mjukuu wangu nguo. Ukipata nafasi nitumie vipimo vyake. Au nguo yake moja iliyomkaa vizuri, nitaifuatisha.

Baba yako


2 Juni 1995

Mwanangu,

Natumaini hamjambo wote. Mimi nipo, uzee ndio huo unabisha hodi. Uzi siku hizi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano, naomba wapita njia wanisaidie.

Barua zangu sijui kama zinakufikia. Kama zinakufikia na huzijibu, hilo nalo nalielewa.

Baba yako


14 Novemba 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima.

Barua zako zote zilinifika. Nilikuwa nazisoma nazirudisha kwenye bahasha zake. Mara mbili nilianza kukujibu, lakini kila nikianza naandika matusi, na matusi kwa mzazi siyawezi, kwa hiyo nilinyamaza.

Mwanangu anaanza shule Januari, na anahitaji gauni la sare. Mafundi huku wamejaa. Lakini aliniuliza babu yake anafanya kazi gani, nikamwambia anashona, akasema, "Basi si anishonee yeye?" Nikamsimamisha nikampima.

Mrefu amenichukua kwenye gereji yake. Nashona viti vya magari na maturubai. Wenzangu wako chini ya injini, mimi niko kwenye cherehani pembeni, nasikiliza. Gari likiwashwa najua kinacholisumbua kabla hawajalifungua, nawaambia, wanacheka, halafu wanakuta ni kweli. Kufundishwa ndiko sikufundishwa, na sasa nina miaka thelathini na mbili na mtoto wa kulea. Inaniuma, baba. Si kila siku, lakini inaniuma.

Siku hizi namfikiria pia yule kijana wa muuza mkaa. Ningekwenda, sijui ningerudi na miguu mingapi. Hilo hata wewe hukulijua. Ila ningekwenda ningekuwa nimekwenda mimi, na ningebaki ningekuwa nimebaki mimi.

Vipimo vya sare ndivyo hivi. Kifua 58. Kiuno 54. Bega hadi bega 27. Urefu kutoka begani 66. Mkono 13. Kitambaa cha shule ninakituma pamoja na barua hii.

Nyumbani nina futi mbili, yako na moja niliyoinunua. Sitakuambia nimepimia ipi. Nataka nawe ukate kwa kipimo cha mtu unayemwamini, uone inavyokuwa.

Mwanao


9 Desemba 1998

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako kwenye bahasha, nikakaa nayo mapajani muda mrefu kabla ya kuifungua.

Kitambaa kimelala mezani siku tisa. Nimeshona miaka arobaini na sijawahi kuogopa mkasi, safari hii nimeuogopa. Nilikisia ni futi hii, nikakisia ni ile, nikaandika namba mpya pembeni ya zako, nikazifuta. Mwisho nikaona nikianza kukisia ninarudia yale yale, ya kuamua peke yangu na kukuletea kitu kilichokwisha amuliwa.

Kwa hiyo nimekata kwa namba zako kama ulivyoziandika. Ila kila mshono nimeuachia akiba ya sentimita tatu kwa ndani, na upindo wa chini ni vidole vinne. Mishono nimeipiga mirefu, ya kushikiza tu. Gauni halijaisha. Mvishe mtoto umtazame. Likimkaa, pitisha cherehani juu ya mshono wangu. Likimbana, fumua ulipanue unavyotaka.

Wembe wa kufumulia nimeuweka humu ndani ya bahasha. Nimeuzungushia kitambaa, usije ukakukata.

Baba yako