Fundo la Nje

Karakana ya Baiskeli,
Nyuma ya Shule.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimetulia? Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Binti yako Chiriku hajambo. Anakula, anasoma, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu umlete kwangu.

Uliniuliza: kama ataendelea na mashindano ya baiskeli, hatari iko wapi zaidi, kwenye lami au mlimani? Ukasema nitakalosema mimi fundi, utalikubali. Haya. Mlimani ataanguka mara nyingi, atachubuka, pengine avunjike mkono. Kwenye lami ataanguka mara moja tu, maana nyuma yake kuna lori. Ndivyo tulivyompoteza kaka yetu.

Usilolijua ni hili. Asubuhi ile tairi lake la mbele lilikuwa limechanika, nikalishona. Fundo la uzi hukaa ndani, likafunikwa kwa kipande cha mpira ili lisitoboe tyubu. Sikuwa na kipande, naye alikuwa ananihimiza, "We fundi, nachelewa bwana!" Nikaliacha fundo nje. Lami ikalila, uzi ukafumuka, akaanguka mbele ya lori. Nimelimeza jambo hili miaka kumi na moja. Mficha uchi hazai.

Sasa nisikilize, wala usinicheke. Mwezi uliopita, baada ya mvua, nilimfuata Chiriku kwa miguu kwenye njia ya mlimani. Alikuwa peke yake. Lakini kwenye matope kulikuwa na alama za baiskeli mbili, sambamba. Ya pili ilikuwa na mishono yangu, na kila gurudumu lilipozunguka, kishimo kidogo cha fundo. Tairi lile nililichoma moto mwenyewe. 

Nilimuuliza Chiriku kama kuna mtu hufuatana naye.

"Hamna, shangazi. Ila nasikia mnyororo unalia, na wangu nimeutia grisi juzi tu."

Nimerudi mara tatu. Alama ile hupita kati ya mtoto na korongo, ukingoni kabisa, mahali pengine pasipotosha hata unyayo. Haijawahi kupita upande wa ndani, ule wa mlima, ambako ingemsukumia bondeni.

Basi jibu langu ni mlimani. Kwenye lami huenda kaka yupo pia, lakini lami haishiki alama, nami nataka kuona. Siku nitakayoikuta upande wa ndani, baiskeli naifungia stoo na ufunguo nautupa chooni.

Msalimie wifi yangu na wale pacha watundu. Mama anakusalimu sana. Yeye hajui lolote, usimwambie. Mungu akufunike wewe na nyumba yako.

Nisamehe, mdogo wangu. Kaka nadhani amenisamehe. Angekuwa bado na kinyongo, angepita upande wa ndani.

Nabaki wako akupendaye,
Dada yako, Fundi