Mwanamume Aliyepokea Simu Yako

Mukuru kwa Njenga,
Jumapili, baada ya ibada.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti lako laendeleaje? Na unakula, au bado unaonja mara moja na kusema umeshiba? Mimi ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta kwenye karatasi hii. Mwambie kaka Kioko akusomee polepole, asiruke mahali.

Mama, yule mwanamume aliyepokea simu yangu ukamwambia, "Wewe kijana, mpe binti yangu simu," alikuwa mimi. Nilisema, "Ni mimi, mama," nawe ukazidi kuwaka: "Usinichezee! Mutheu yuko wapi? Mmemfanya nini?" Nikakata. Nililia palepale sokoni, na tangu hapo nakutumia ujumbe tu, nikisingizia simu imeharibika. Nasikia umemwambia shangazi nimeolewa kwa siri. Ningeolewa, mama, ungeona mbuzi wa mahari.

Ugonjwa wangu unaujua, wewe ndiye uliyenishika mkono siku ya majibu. Dawa za virusi sijawahi kuziacha. Lakini nilipopona kifua kikuu mwaka jana, mwili ulikataa kurudi. Nilikula, nikabaki mifupa. Hapo sokoni Gikomba nilikuwa navaa sketi tatu, moja juu ya nyingine, kutoka kwenye belo langu mwenyewe la mitumba, ili wateja wasione. Siku moja mama mmoja akaipenda ile ya juu, akataka nimuuzie. Nikaivua. Akaipenda na ya pili! Halima, jirani yangu wa meza, akaona kilichobaki ndani ya ile ya tatu. Alifunika nguo zake na turubai, akanishika mkono.

"Sista, utabebwa na upepo na sisi tunakucheki tu," alisema. "Twende kliniki."

Daktari alinipa unga wa uji wenye lishe, akaniagiza nifanye mazoezi, kisha akaniandikia sindano za homoni za kujenga misuli. Alinionya kabla: kwa mwanamke, dawa hiyo inaweza kuifanya sauti iwe nzito, na pengine isirudi tena. Nilimwambia achome. Nilitaka kuishi, mama.

Na mwili umerudi. Natembea kupitia Industrial Area hadi sokoni bila kukaa njiani. Nalala kwa ubavu na mfupa hauniumi. Tukisaidiana na Halima, belo tunalipandisha mezani wenyewe. Ila sauti ilishuka, na daktari alipoisikia akaisimamisha dawa. Sokoni hakuna anayelalamika. Nikiita, "Chagua mama, chagua!" wanageuka hadi walio mbali. Halima ananicheka, "Siku hizi we ndio spika ya mtaa mzima."

Lakini kwenye kwaya ya nyumbani niliimba sauti ya kwanza, bega kwa bega nawe. Hapo ndipo panaponiuma. Nimekuwa nikiogopa kuja, nisije nikafungua mdomo ukanitazama kama mgeni. Ningevumilia hayo kwa mtu mwingine yeyote, si kwako.

Leo kanisani nilijaribu kuimba na wanaume. Katikati ya pambio nikanyamaza ghafla, hadi jirani akanigeukia. Mama, nilikuwa nimemsikia baba. Ile sauti yake ya chini, iliyokuwa ikitangulia kufika nyumbani kabla yake, ilikuwa inatoka kooni mwangu. Tangu tumzike nilidhani nimeisahau. Nililia tena, lakini safari hii nililia vizuri.

Msalimie shangazi Ndunge, umwambie mwali wake bado yupo. Msalimie mke wa Kioko na mtoto wao. Na mwalimu wa kwaya, mwambie aniwekee nafasi nyuma, kwenye benchi la wanaume.

Nakuja Krismasi. Ukisikia baba anapiga hodi mlangoni, usiogope, mama. Fungua. Ni mimi.

Binti yako akupendaye,
Mutheu