Kibuyu Kilichopinduliwa

Lusahunga, Alhamisi

Kaka Fabrice, shikamoo.

Kuna sauti haijanitoka masikioni: mkojo wa baba ukidondoka juu ya majani makavu ya mgomba nyuma ya nyumba. Tone, kimya kirefu, tone.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa dereva mwenzako anayekuja huko Rusumo. Naiandika nimesimama. Maharage yameota vizuri.

Jana asubuhi hata matone yalikoma, tumbo likavimba chini ya kitovu. Nilimchorea baba kibuyu kilichopinduliwa, pale chini kwenye vumbi: hiki ni kibofu, shingo hii ni mrija wa kutolea mkojo, na tezi dume imevimba ikaibana shingo. Nikamsihi twende akawekwe mpira wa kupitisha mkojo.

"Kumbe uuguzi umekufundisha hadi njia ya mkojo wa baba yako!" Alicheka huku jasho likimtoka. "Namsubiri Fabrice. Binti haoni uchi wa babaye."

Wewe ulisema utafika Jumamosi.

Kufika saa sita hakuweza hata kukaa. Nikampandisha bodaboda hadi kituo cha afya. Muuguzi pekee alikuwa anazalisha, akapaza sauti kutoka ndani, "Dada, si wewe ni mwanafunzi? Glovu hizo hapo!"

Baba alijifunika uso kwa kofia. Hajanisemesha tangu hapo, ila leo amekunywa uji.

Ukifika, usiniulize kwa nini sikukusubiri. Mpira nilimwekea mimi, na mkojo ulitoka bila kukatika.

Mdogo wako,
Irambona