Waya Chini ya Mabati

Mundika, Busia
14 Juni 1967

Mjomba Echodu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nalitaja kabla ya salamu nisije nikaogopa nikaliacha.

Unajua baba amelazwa Kampala tangu Aprili, na barua zake zimekatika. Mgonjwa akifia mbali na kwao, jina lake husomwa katika redio ya Kampala ili jamaa waende kumchukua. Kila jioni saa kumi na mbili wanasoma kwa Kiteso. Mama hataki kusikia. Anakwenda jikoni, mimi nasikiliza, kisha ananiuliza kutoka huko, "Wamesoma?" Najibu, "Hawajasoma."

Mjomba, tangu tarehe mosi sisikii kitu. Redio inavuma kama mvua. Nasema hawajasoma kwa sababu sijui niseme nini.

Tulipoondoa nyasi na kuezeka mabati, niliuhamisha waya wa eriali ndani, nikautandaza juu ya boriti usiloe. Labda ndiyo sababu. Kitabu cha sayansi cha shule nimekisoma mara tatu, hakisemi lolote kuhusu mabati. Redio ya dukani kwa Mzee Kassim hushika Nairobi tu. Anauza waya wa chuma wa kufungia ua, na wa shaba. Nichukue upi?

Hatujambo, ila mama anakohoa. Wewe je, na kazi ya stesheni?

Mpwa wako,
Atyang

Malaba
19 Juni 1967

Mpwa wangu Atyang,

Salamu zako zimenifikia. Mgongo unanisumbua, mengine ni ya Mungu.

Wa chuma waachie mbuzi. Nakutumia waya wa shaba, futi sitini, na vikombe viwili vya kauri vya nguzo za simu. Uutoe nje kabisa. Mabati yanakula sauti. Funga kikombe kila mwisho, kimoja kwenye mti, kingine kwenye mlingoti, waya wenyewe usiguse mti wala ukuta. Wa kushuka hadi kwenye redio uwe umevikwa mpira, nao usilale juu ya bati. Waya wa ardhi ufunge kwenye bomba ulilozika mahali penye unyevu, pale mnapomwaga maji ya vyombo.

Kuhusu lile la kumjibu mama yako, sikugombezi. Hapa hatuna redio. Ojakol, gadi wa treni, anakwenda Kampala Alhamisi, nimemwomba apite hospitalini.

Mjomba wako,
Echodu

Mundika
26 Juni 1967

Mjomba,

Twakusalimu. Kikohozi cha mama kimepungua. Mgongo umepoa?

Nimefanya ulivyosema. Nilipokuwa juu ya mti, jirani yetu Zilpa alipita akasema, "We Atyang, unaanika nguo za nani huko?" Nikakaza fundo la waya. Akasema, "Basi zikikauka uniite tukunje."

Sasa nasikia kila neno. Siku tano nimesikiliza, baba hayumo. Nikisema hawajasoma, nasema kweli. Mama amenenepa kidogo usoni. Jana alicheka.

Mpwa wako,
Atyang

Malaba
28 Juni 1967

Atyang mwanangu,

Hujambo? Keti kwanza.

Ojakol amerudi. Baba yako alifariki tarehe tatu. Jina lilisomwa tarehe tano, na tena tarehe saba. Hakuna aliyekwenda. Walimzika tarehe kumi na mbili. Ojakol ameonyeshwa kaburi, lina namba.

Habari ya msiba haipelekwi kwa karatasi, wala habebeshwi mtoto. Nakuandikia wewe kwa kuwa ulinieleza lako. Nitakuja Jumapili, tarehe tisa, pamoja na ndugu wawili wa baba yako, tumwambie mama yako inavyopasa. Mpaka hapo akiuliza, jibu kama kawaida.

Mjomba wako,
Echodu

Mundika
6 Julai 1967

Mjomba,

Sisi tu wazima. Natumaini nawe. Hii nampa dereva wa basi ikufike kabla hujaondoka.

Barua yako nilipewa shuleni Jumatatu. Nikaisoma, nikaiweka ndani ya atlasi, tukafanya jiografia. Sikulia. Sijui kwa nini.

Jioni mama aliuliza, nikajibu hawajasoma. Jumanne vilevile. Sauti ilikuwa safi, nilimsikia hata msomaji akigeuza karatasi. Jana walisoma majina manne. Mama akauliza. Nikaenda jikoni.

Nikasema, "Mama, walisoma zamani. Redio ilikuwa inavuma tu, nikakudanganya."

Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha. Akauliza, "Lini?"

"Tarehe tano ya mwezi uliopita."

"Amezikwa?"

"Amezikwa."

"Nani anajua?"

Nikamwambia kwamba mnakuja Jumapili, na kwamba hukutaka nimwambie. Akaepua sufuria.

"Waje," akasema. "Nitakaa kama sijui. Ndugu zake wakishasema, ndipo nitalia. Zilpa asijue."

Basi mkija, semeni kama mlivyopanga.

Kisha nikapakua ugali, tukala. Nikaosha vyombo. Nikafanya hesabu za Alhamisi.

Mpwa wako,
Atyang