Mama Mutheu Amestaafu

Jumamosi. Mtaa wetu wa Jericho, hapa Nairobi, umeamka na manyunyu na ile baridi ya kuingia hadi kwenye mifupa. Nina hasira, na leo sitaki kuituliza.

Kwa miaka minne nimekuwa Mama Mutheu mtandaoni. Kama hujawahi kuniona: nafunga leso kichwani, naweka mikono kiunoni, na kwa lafudhi ya Kikamba nawagombeza majirani, makanga wa matatu na pasta bila kuvuta pumzi. Video ya dakika mbili, basi, watu wanacheka hadi machozi. Sauti yenyewe niliiba kwa mama yangu mzazi. Ndivyo alivyokuwa akituita dirishani tulipokuwa watoto.

Wiki mbili zilizopita niliweka video bila leso. Nilikaa jikoni nikasimulia, kwa sauti yangu mwenyewe, siku zangu za kibarua kule viwandani, Industrial Area, tulivyokuwa tukisimama getini asubuhi huku msimamizi akituchagua kama anayechagua nyanya.

Matusi yakaanza. "Hii ni nini sasa?" "Turudishie Mama Mutheu." Mwingine akaandika, "Usisahau sisi ndio tulikutengeneza."

Mlinitengeneza?

Mama alipata kiharusi mwezi wa pili. Sasa hutoa neno moja, anapumzika, kisha anatafuta lingine. Achieng', rafiki yangu anayenishikia kamera, alinishauri kwa nia njema: "Waambie tu mama ni mgonjwa. Watakuhurumia, wataacha kukusumbua."

Nilikataa. Ukweli, ambao sikuwa nimemwambia mtu, ni kwamba nilikuwa nimemchoka Mama Mutheu hata kabla mama hajaugua. Mwaka mzima nilivaa ile leso kama sare ya kazi. Sasa nimfanye mama mgonjwa awe cheti changu cha ruhusa? Siombi ruhusa.

Leo nilikuwa naye sokoni, amenishika mkono. Mwanamume mmoja akatusimamisha mbele ya meza ya mboga, simu tayari iko juu.

"Mama Mutheu! Toa ile sauti kidogo, watoto wangu wakusikie."

"Mama Mutheu amestaafu," nikamwambia. "Lakini naweza kuwasalimia kwa sauti yangu."

"Aai, madam, usituringie. Si ni sisi tulikupandisha?"

"Mlicheka, na nikashukuru. Hamkuninunua."

Watu wakaanza kugeuka. Muuza mboga akaacha kukata sukuma wiki. Ndipo mama akanivuta mkono.

"Wape... tu," akasema. "Wape."

Hilo liliniuma kuliko matusi yote. Mchana akidhani simwoni, mama hufungua zile video za zamani, akasikiliza huku midomo yake ikisogea. Anajisikiliza alivyokuwa.

"Hapana, Mama."

Nimemkatalia mama yangu mbele ya soko zima. Yule mwanamume akashusha simu, akasonya, akaenda zake.

Tulirudi nyumbani. Nikapika chai, nikakaa karibu naye, nikamwambia yote, hata lile la kuchoka. Nilijiandaa kwa machozi.

Akapuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Hata mimi... nilichoka," akasema. "Kupiga... kelele."

"Sasa ulikuwa unapiga za nini?"

"Hamkuwa... mnasikia."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Video za zamani sitazifuta. Ni zake, asikilize anavyotaka. Lakini kuanzia leo kinachotoka kinywani mwangu ni changu, kiwe cha kuchekesha au kisiwe. Jioni hii nimeweka video nyingine, kwa sauti yangu, ndefu kuliko ya kwanza. Naogopa, sitadanganya. Hii kazi ndiyo ninayoijua, na huenda nikaamka nimebaki na Achieng' na mama peke yao.

Tayari watazamaji wengine wananiaga kwa hasira, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba wanahama nyumba yangu.

Waende salama. Mimi nabaki.